Unakunywa Tana, unamwaga Athi: Ukame ukibisha, nani atangulie kuchota?

Saa kumi alfajiri. Umeweka alamu kwa ajili ya mfereji. Ratiba ya mgao inasema leo ndiyo siku ya mtaa wenu, na kila mtu kwenye ploti anajua maana yake: atakayelala ataoga kwa kikombe hadi wiki ijayo. Unafungua. Mfereji unakohoa, unatoa hewa, halafu matone mawili ya rangi ya kutu. Basi, imeisha hiyo.

Kufika saa moja, kijana wa mkokoteni anapita na mitungi yake ya manjano, na bei imepanda tangu jana. Unamwita boss, unambembeleza akupunguzie. Anacheka tu. Hata yeye alipanga laini usiku kucha.

Kama umewahi kuishi Kawangware, Kangemi, Uthiru au Dagoretti, hii si hadithi. Kama keja yako iko Kileleshwa au Lavington, unaijua kwa njia nyingine: mlio wa maboza yakirudi nyuma getini saa tano usiku, na ada ya kisima inayoongezwa kwenye kodi. Na kama unafanya kazi tao, unajua choo cha ofisini kikiwa na ndoo mlangoni kuna nini.

Wakati kama huo sote tuna wa kulaumu: kanjo, kampuni ya maji, landilodi. Leo hebu tufanye kitu tofauti. Tushike bomba hilo kavu, tulifuate juu mlimani hadi tuone linatoka wapi. Huko juu utakutana na watu ambao nao wana malalamiko, na baadhi yake yanakuhusu wewe.

Bomba linapanda mlima

Jina Nairobi linatokana na maneno ya Kimaasai yanayomaanisha maji baridi. Ajabu ni kwamba jiji lenye jina hilo halijitoshelezi kwa maji, na kwa muda mrefu limekuwa likiyafuata mbali zaidi na zaidi.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, chemchemi za Kikuyu, hapo juu tu ya Dagoretti, zilitosha. Watu walipoongezeka, likajengwa bwawa la Ruiru upande wa Githunguri. Miaka ya 1950 likafuata Sasumua, kule Njabini, Nyandarua. Kisha mwaka 1994 likakamilika bwawa kubwa kuliko yote, Ndakaini, katika eneo la Gatanga, Murang'a. Ndakaini linapokea maji ya mito Thika, Githika na Kayuyu, na likijaa linabeba takriban lita bilioni 70. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya jiji hutegemea bwawa hilo moja.

Kutoka hapo maji hupitia mitaro ya chini ya ardhi na mito hadi mtambo wa kusafishia wa Ng'ethu, Kiambu, kabla ya kuteremka kwenye matangi ya jiji. Maji ya Sasumua nayo hushuka hadi Kabete, na kutoka Kabete mteremko wenyewe huyasukuma kwenda mitaa ya magharibi. Kwa hivyo glasi moja ya maji Westlands inaweza kuwa imepita kaunti mbili au tatu kabla ya kufika mezani pako.

Ndiyo maana mvua inaweza kukunyeshea barabarani Waiyaki Way mpaka viatu vijae, na ratiba ya mgao isibadilike hata kidogo. Mvua ya Westlands haijazi Ndakaini. Mwaka 2018 tuliliona hilo waziwazi: mitaa ilikuwa imefurika, matatu zikiogelea, na bado bwawa lilikuwa nyuma likijikokota kujaa. Kinachohesabika ni mvua ya milima ya Aberdare, na hali ya msitu unaoipokea na kuiachilia polepole.

Mto mmoja, wenyewe wengi

Sasa toa simu, fungua ramani. Mito yote hii ya Murang'a, na hata ule wa Sasumua, haielekei Nairobi kwa maumbile yake. Inaelekea Mto Tana. Ikiachwa, ingeshuka hadi bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ambako hugeuzwa umeme. Baadaye mto unakata nchi kavu, unapita Garissa, unapita Hola na Garsen, na unaingia Bahari Hindi karibu na Kipini.

Lakini maji ukishayatumia wewe, hayarudi Tana. Ya chooni na ya jikoni huishia kwenye Mto Nairobi, Mto Nairobi unaingia Athi, Athi unageuka Galana halafu Sabaki, na kufika baharini karibu na Malindi. Yaani unakunywa bonde moja na kumwaga kwenye bonde lingine. Kwa mfugaji wa Garissa, lita uliyooga nayo Kangemi imetoweka kabisa kwenye mto wake.

Mvua ikiwa nzuri, hakuna anayeliona hili. Mto ni mkubwa, kila mtu anachota. Ukame ndio unaoleta hesabu mezani. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika Pembe ya Afrika. Kabla ya hapo, mwaka 2009, maji ya Masinga yalipungua hadi mtambo wa umeme hapo ukazimwa. Mwaka huohuo Nairobi ilikuwa na mgao wa maji na mgao wa stima kwa pamoja. Mto ni mmoja, kwa hivyo shida zako zote mbili zilitoka mahali pamoja.

Murang'a wanasema nini?

Mwaka 2015 mzozo ulilipuka. Serikali ilikuwa na mpango wa kuchimba mtaro wa chini ya ardhi, Northern Collector, wenye urefu wa kilomita 11.8. Kazi yake ni kuchukua maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka Ndakaini, ili Nairobi ipate lita milioni 140 zaidi kwa siku. Kiongozi wa upinzani wakati huo, Raila Odinga, alijitokeza na kuonya kwamba mradi huo ungegeuza Murang'a kuwa jangwa. Wahandisi wa serikali wakajibu kwamba mtaro ungechukua maji ya mafuriko tu, na kwamba kiasi cha kutosha kingeachwa mtoni. Ubishi ukaingia bungeni, redioni, hadi kwenye vituo vya matatu.

Mtaro ulichimbwa, na mwaka 2022 ukazinduliwa. Maswali hayakwisha.

Gavana wa kwanza wa Murang'a, Mwangi wa Iria, alidai kaunti yake ipewe asilimia 25 ya mapato yanayotokana na maji hayo. Wengi Nairobi tulimcheka. Tulisema maji ni ya Mungu, mvua hainyeshi kwa kadi ya kaunti. Lakini hebu jiweke kwenye viatu vya kijana wa rika lako kule Makuyu au Kambiti. Murang'a ina sura mbili: juu kuna baridi, majani chai na mito, chini ni nchi kavu ya vumbi na mananasi. Kijana huyo wa chini anajua kwamba kaunti yake inanywesha mji mkuu, na yeye bado anabeba mtungi begani. Ukimwambia maji ni ya Mungu, atakuuliza mbona Mungu anayapitisha kwenye bomba linaloelekea upande mmoja tu.

Upande wetu nao una hoja. Jiji lina mamilioni ya watu, na wengi wao walitoka hizo kaunti. Bili tunalipa. Hospitali, viwanda na shule za nchi nzima ziko hapa. Ukikata maji ya Nairobi, Murang'a itauza wapi maziwa, maparachichi na ndizi zake?

Ndiyo sababu huu si ugomvi wa mwizi na aliyeibiwa. Ni ugomvi wa majirani wanaokunywa mto mmoja bila kuwahi kuketi na kukubaliana: siku maji yakiwa hayatoshi, nani apunguze, apunguze kiasi gani, na alipwe nini?

Sheria inakupa nini?

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Inasema kila mtu, hivyo wa Kawangware yumo, wa Makuyu yumo, na wa Garissa yumo.

Katiba hiyohiyo iligawa kazi. Kusambaza maji hadi mferejini ni jukumu la kaunti. Kusimamia mito na vyanzo ni jukumu la serikali ya kitaifa. Sheria ya Maji ya 2016 ikaongeza kwamba rasilimali za maji zinashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya Wakenya wote. Kwa hivyo kisheria Murang'a haimiliki Mto Maragua, na Nairobi haimiliki Ndakaini. Kuna Mamlaka ya Rasilimali za Maji inayotoa vibali vya kuchota, na sheria inataka matumizi ya nyumbani yatangulie mengine yote. Inataka pia kila mto uachiwe akiba: maji ya mahitaji ya msingi ya watu na ya viumbe vya mtoni, ambayo hayaguswi.

Kwenye karatasi, mambo ni poa kabisa. Tatizo ni pengo lililo katikati. Anayetoa kibali yuko serikali ya kitaifa, anayelia kiu yuko kaunti ya juu, anayeuza maji yuko kaunti ya chini, na pesa za bili hazirudi mlimani kwa utaratibu ambao wote wameukubali. Seneti imejadili zaidi ya mara moja mswada wa kugawana faida za rasilimali asilia. Wakati wanajadili, misimu ya mvua haiwasubiri.

Jifunze kwa waliotangulia kugombana

Wamarekani walilijaribu hili mapema. Mwaka 1922, majimbo 7 yanayotumia Mto Colorado yaliketi na kugawana maji. Walifanya kosa moja kubwa: hesabu yao ilitegemea miaka ambayo mto ulikuwa umejaa kupita kawaida. Wakaandika viwango maalum vya maji, kana kwamba mto ni mshahara unaoingia kila mwisho wa mwezi. Mvua zilipopungua, makaratasi yalikuwa na maji mengi kuliko mto wenyewe. Mwaka 2021, kwa mara ya kwanza, serikali yao ilitangaza rasmi upungufu katika mto huo, na baadhi ya majimbo yakalazimika kupunguza.

Karibu na nyumbani kuna Mto Nile. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana maji: bilioni 55.5 za mita za ujazo kwa Misri na bilioni 18.5 kwa Sudan, kwa mwaka. Nchi za juu, ikiwemo Kenya ambayo mito yake Nzoia, Yala, Nyando na Sondu inaingia Ziwa Viktoria, hazikuwa mezani. Kwa miaka mingi tumelalamika, na tuna haki: unawezaje kugawa mto bila kumuuliza anayeuzalisha?

Sasa geuza kioo. Katika Nile, Kenya ni Murang'a. Katika Tana, Nairobi ni Misri. Hoja tunayoitoa tukiwa Kisumu hatuwezi kuimeza tukifika Kabete.

Makubaliano ya maana kuhusu Tana yangekuwa na mambo machache tu. La kwanza, kila mmoja apewe fungu la asilimia, ili mto ukipungua wote wapungukiwe pamoja. La pili, viwango vya hatari vijulikane mapema: bwawa likishuka hadi hapa, jiji linapunguza hivi, kilimo cha umwagiliaji kinapunguza vile, bila kusubiri mkutano wa dharura. La tatu, vipimo vya kila mto na kila bwawa viwe wazi, mtu yeyote aweze kuvisoma kwenye simu yake. Maneno kama "tunachukua ya mafuriko tu" hayatatiliwa shaka kama mkulima wa Kigumo anaweza kuona namba za leo. La nne, watu wa Garissa na Tana River wawe na kiti, kwa sababu kinachochotwa juu kinahesabiwa chini.

Si ndoto. Bwawa la Karimenu II, lililozinduliwa Kiambu mwaka 2022, lilipangwa tangu mwanzo lihudumie miji ya karibu kama Ruiru na Juja kwanza, na Nairobi ipate sehemu inayosalia. Pia tangu 2015 kuna Mfuko wa Maji wa Upper Tana-Nairobi, unaowasaidia wakulima wa mlimani kuchimba matuta, kupanda nyasi kwenye kingo za mito na kuvuna maji ya mvua. Mkulima anabaki na udongo wake shambani, bwawa halijai matope, na wewe unapata maji ambayo kuyasafisha hakugharimu sana. Kila upande unafaidika, na hakuna aliyemfanyia mwenzake hisani.

Kabla hatujaomba mto mwingine

Hapa ndipo pa kutuumiza sisi wa jijini. Kabla mtaro haujaanza kazi, Nairobi ilikuwa ikizalisha takriban lita milioni 525 kwa siku, huku mahitaji yakipita milioni 800. Na katika miaka ya karibuni, kati ya asilimia 40 na 50 ya maji yanayoingia kwenye mabomba ya jiji hayaonekani kwenye bili ya mtu yeyote. Mengine yanavuja, mengine yanaunganishwa kwa siri, mengine yanapita kwenye mita zilizokufa.

Piga hesabu. Asilimia 40 ya milioni 525 ni lita milioni 210. Mtaro wote ule, kilomita 11.8 chini ya ardhi na miaka ya mzozo, ulijengwa kuleta milioni 140. Kinachopotelea njiani ni kingi kuliko kile tulichokifuata Maragua. Ukiwa na ndoo yenye tundu, jirani ana haki ya kukuuliza kwa nini hulizibi kabla ya kurudi kwake na ndoo ya pili.

Na si kila tone linalopotea linaingia ardhini. Mengine yanaibuka kwenye mtungi. Ukinunua lita 20 kwa shilingi 20, umelipa shilingi 1,000 kwa lita 1,000. Bei ya mfereji halali ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Kwa hivyo ukame ukija, anayeishi kwenye chumba kimoja Kawangware analipa maji ghali kuliko mwenye bustani Lavington, ambaye ana kisima na tangi la lita elfu kumi juu ya paa. Tunazungumzia haki kati ya kaunti na kaunti, lakini kati ya Kawangware na Lavington kuna barabara moja tu ya kuvuka.

Usidhani visima ndiyo jibu. Kila jengo jipya la ghorofa linachimba chake, wote tukivuta kutoka chini ya ardhi ileile, na maji ya visima vingi vya Nairobi yana madini ya floraidi kupita kiwango, yale yanayoweka madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto.

Wewe na mtungi wako

Huwezi kuifanya Aberdare inyeshe. Lakini kuna ya kufanya.

Ukiona bomba limepasuka barabarani, piga picha, ripoti, weka eneo. Wiki moja ya maji yakitiririka kwenye mtaro wa barabara ni wiki moja ya mgao kwa mtu fulani. Ukikaa kwenye ploti, ongeeni pamoja na landilodi kuhusu mifereji ya paa na tangi. Mvua ya Westlands haijazi Ndakaini, ndiyo, lakini inaweza kujaza tangi lenu.

Kaunti inapoitisha maoni ya umma kuhusu bajeti, usiache viti vijazwe na walewale kila mwaka. Uliza swali moja: mwaka huu mmetenga pesa ngapi za kuziba mabomba? Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Itumie kuomba viwango vya bwawa na ratiba halisi ya mgao ya mtaa wenu, uone kama mnachopewa ndicho kilichoandikwa.

Na siku utakapomsikia mwanasiasa akisema Murang'a wanatunyima maji, au akiwa Murang'a akisema Nairobi wanawaibia, muulize makubaliano yako wapi. Yaliandikwa lini, yanasema nini bwawa likibaki nusu? Akikosa jibu, ujue anatafuta kura kwenye kiu yako.

Kesho kutwa alamu italia tena saa kumi. Mfereji ukikubali, sikiliza maji yakianguka kwenye ndoo. Yametoka mbali hayo. Kuna mtu huko juu aliyeyaona yakipita, na mwingine huko chini, Garissa, anayeyasubiri bado.